Gari la zimamoto la kiwanda lipo jirani na mtaa unaungua: ni nini kinalizuia kutoka getini?

#1 Mkazi wa Igogo
Habari za jioni wanajamvi. Naomba wenye ujuzi wa magari ya zimamoto ya makampuni wanisaidie kuelewa jambo linalonisumbua. Usiku wa juzi karakana ya mbao mtaani kwetu Igogo, Mwanza, ilishika moto, na ng'ambo ya barabara kuna kiwanda, jina lake silitaji, chenye gari lake la zimamoto ambalo tunaliona likioshwa na kujaribiwa uani. Vijana walikimbia kugonga geti na mlinzi akawajibu kwa upole kwamba hana mamlaka ya kulitoa. Tulipiga 114, na askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walikuja wakafanya kazi yao kwa moyo, lakini walikuwa wametoka mbali, na hadi wanafika, nyumba mbili zilizopakana na karakana zilikuwa zimeshika.

Silaumu mtu. Ninachouliza ni hiki: gari lile lina nini ndani, limetengenezwa kwa ajili ya moto wa namna gani, na ni kitu gani hasa kinachozuia lisivuke barabara yenye upana wa hatua ishirini?

#2 Mama Marobota
Poleni sana. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya kuchambua pamba upande wa Kisesa na Magu, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Moto wa pamba haufanani na moto wa mbao. Cheche ikiingia kwenye pamba wakati inachambuliwa, labda kwa sababu jiwe au kipande cha chuma kilikuja na pamba kutoka shambani kikagonga mashine, ile cheche inaweza kufungwa ndani ya robota, yaani mzigo wa pamba iliyobanwa, likiwa bado linashinikizwa. Robota linatoka jeupe, safi, linapimwa na kupangwa ghalani, huku ndani linaungua polepole bila moshi wa kuonekana, na siku kadhaa baadaye linawasha ghala zima. Ndiyo maana robota lenye mashaka hutengwa nje peke yake na kuangaliwa kwa siku nyingi. Ukilimwagia maji juu, yanateleza, kwa sababu pamba iliyobanwa hainyweshi kirahisi. Inabidi maji yachanganywe na dawa ya kuyafanya yapenye, kisha robota lifunguliwe kwa mikono na kulowekwa tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo gari letu lilikuwa na tangi la kawaida, mapipa ya dawa hiyo, na vifaa vingi vya kukokota na kupasua marobota.

Upande wa mafuta nako kuna mashudu, yaani makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa. Yakirundikwa yakiwa na unyevunyevu yanajipasha joto yenyewe hadi yanawaka bila mtu kuleta kiberiti. Msimu ukianza hakuna saa ambayo msimamizi angekubali gari liondoke, hata kwa nusu saa, kwa sababu maghala yamejaa mali ya wakulima ambayo wengine hawajalipwa.

#3 Simba wa Nyakato
Mama Marobota amezungumza vizuri, lakini tusizunguke, sababu ni bima tu. Kampuni ya bima ndiyo inayodai kiwanda kiwe na gari, na gari hilo limo katika hesabu za bima kama sehemu ya kiwanda. Likitoka, na kiwanda kikaungua wakati halipo, mwenye bima atakataa kulipa. Hata historia inaonyesha hivyo: London ya zamani makampuni ya bima yalikuwa na vikosi vyao vya zimamoto, nyumba zilizokatiwa bima zikawekwa kibandiko cha chuma ukutani, na kikosi kikifika kikakuta kibandiko si chao, kinageuza farasi na kuiacha nyumba iteketee.

#4 Mwalimu wa Bwiru
Ndugu Simba, sehemu ya kwanza ya hoja yako inaweza kuwa na ukweli, ila hadithi ya London imekuzwa kuliko ilivyokuwa. Ni kweli kwamba baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666 makampuni ya bima yalianzisha vikosi, na vibandiko vya chuma vilikuwepo, na vingine vipo hadi leo kwenye kuta za majengo ya zamani. Lakini madai kwamba vikosi vilisimama kutazama nyumba isiyo na bima ikiungua hayana ushahidi wa kutosha, na wanaochunguza historia ya zimamoto wanayaona kama simulizi zaidi kuliko desturi. Sababu yake ni nyepesi: moto wa nyumba isiyo na bima ukiachwa unahamia kwenye nyumba yenye bima iliyo jirani, na hasara inarudi kwa kampuni ileile.

Mwaka 1833 makampuni hayo yaliunganisha vikosi vyao kuwa kikosi kimoja chini ya James Braidwood. Braidwood alifariki kwa kuangukiwa na ukuta katika moto wa maghala ya Tooley Street mwezi Juni 1861, na hasara ya moto ule iliwafanya watu wa bima waiambie serikali kwamba hawawezi tena kuubeba mzigo wa kulinda jiji zima. Kikosi cha umma cha London kilianza mwaka 1866. Kwa hiyo mfano wako, ukisomwa wote, unaonyesha watu wa bima waliowalinda hata wasiokuwa wateja wao mpaka gharama ikawashinda.

#5 Simba wa Nyakato
Asante Mwalimu. Hata hivyo, umesema mwenyewe kwamba waliacha kwa sababu ya fedha. Hoja yangu ya bima bado imesimama.

#6 Fundi Pampu
Mimi ni fundi wa magari haya, nimefungua pampu zake nyingi hapa Kanda ya Ziwa. Mleta mada ameuliza kuna nini ndani, na sijaona aliyejibu sawasawa.

Gari la zimamoto la mjini hubeba maji, mipira ya kutosha, ngazi, na vifaa vya kukatia vyuma kwenye ajali. Gari la depo ya mafuta lina kazi nyingine. Maji peke yake hayazimi petroli, kwa sababu petroli ni nyepesi na inaelea juu ya maji ikiendelea kuwaka na kusambaa. Kinachohitajika ni povu linalofunika uso wa mafuta na kuuzuia mvuke usikutane na hewa. Kwa hiyo nafasi kubwa ndani ya gari hilo imechukuliwa na tangi la dawa ya povu pamoja na kifaa cha kuichanganya na maji kwa kipimo, mara nyingi asilimia 3 au 6, kisha juu ya paa kuna monita, yaani lile bomba kubwa linalozungushwa, la kurushia povu kutoka mbali.

Sasa angalieni hesabu. Kanuni za NFPA, chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, ambazo makampuni mengi ya mafuta duniani huzifuata, zinataka povu la kurushwa kwa monita lifike kiasi cha lita 6.5 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, kwa dakika 65, ikiwa kinachoungua ni petroli. Tangi lenye kipenyo cha mita 10 lina uso wa mita za mraba 78 na nusu. Unahitaji zaidi ya lita 500 za mchanganyiko kwa dakika, na kwa dakika 65 ni takribani lita 33,000, ambapo kwa kipimo cha asilimia 3 dawa yenyewe inakaribia lita 1,000. Mtu aliyenunua gari lenye lita 1,000 za dawa amelinunua kwa ajili ya tangi lake moja, bila ziada. Akilimwaga nusu yake kwenye karakana ya mbao, amebaki na gari ambalo haliwezi kumaliza moto liliotengenezewa, na dawa haipatikani dukani kesho yake asubuhi.

Lingine, watu hudhani tangi la gari ni bahari. Nozeli mbili za kawaida, yaani vichwa vya mpira vya kurushia maji, zinazotoa lita 400 kila moja kwa dakika zinamaliza tangi la lita 4,000 ndani ya dakika 5. Ndani ya kiwanda hilo si tatizo, maana gari linaunganishwa na haidranti za kiwanda, yaani mabomba ya kuchotea maji ya kuzimia moto, zenye pampu yake na bwawa lake. Nje ya geti, baada ya dakika 5 umebaki na gari tupu katikati ya watu wenye hasira.

#7 Binti Ukerewe
Fundi, hesabu zako zimenifungua macho, asante. Ila naona kama tumesahau tunaishi wapi. Igogo iko ufukweni mwa ziwa, unaweza kutupa jiwe likaangukia majini. Kwa nini mtu aongelee tangi la lita 4,000 akiwa amesimama pembeni ya Ziwa Victoria?

#8 Fundi Pampu
Dada yangu, ziwa lipo, lakini kulifikia ni kazi. Pampu ya gari haivuti maji, inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya mpira mgumu wa kufyonzea ili uzito wa hewa ya nje uyasukume maji yapande. Uwezo huo kitaalamu ni mita 10 na kidogo kwenda juu, na kwa vitendo ni mita 7 hivi. Gari lenye uzito wa tani kumi na tano haliwezi kusogea hadi kwenye tope la ufukweni, linasimama kwenye ardhi ngumu, na hapo mpira mgumu haufiki kwa sababu magari mengi hubeba vipande vichache tu. Halafu kuna magugu maji. Yakijikusanya kwenye chujio la mpira, pampu inaanza kukohoa na kukosa maji katikati ya kazi. Nimeona hivyo kwa macho yangu.

#9 Nahodha Mstaafu
Mwangaluka wanajamvi. Nimehudumu kwenye meli za ziwa hili, na pampu za kufyonza nimezitumia maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo mniruhusu niongeze na nisahihishe.

Ile mita 10 ya Fundi ni ya usawa wa bahari, Dar es Salaam au Tanga. Uso wa ziwa letu uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kikomo cha kitaalamu kinashuka hadi takribani mita 9, na kwa vitendo mtu asitegemee zaidi ya mita 6. Anayenunua gari huko ng'ambo na kusoma kijitabu chake bila kulifikiria hili atashangaa siku ya kazi.

Lakini sikubaliani na hitimisho lake kwamba ziwa halifikiki. Pampu ndogo ya kubebwa na watu wawili au wanne inapelekwa hadi kwenye maji, inasukuma maji kwa mpira wa kawaida hadi lilipo gari, na gari linaongeza nguvu kuelekea kwenye moto. Pampu inayoelea ni bora zaidi kwa sababu haihitaji mpira mrefu wa kufyonzea. Kuhusu magugu, unafunga chujio ndani ya tenga au kikapu cha waya na kulining'iniza chini kidogo ya uso wa maji, lisiguse tope. Wavuvi wanalijua jambo hili kuliko wahandisi. Kinachokosekana ni watu kukaa pamoja kabla ya moto na kuchagua sehemu za kuchotea maji kuanzia Mkuyuni hadi Kirumba, zikawekewa zege na alama.

#10 Fundi Barafu
Niko kiwanda cha minofu ya samaki, idara ya mitambo ya ubaridi. Wengi wanadhani hatari yetu ni moto, kumbe kinachotunyima usingizi ni amonia inayozunguka kwenye mabomba ya vyumba vya kugandishia. Inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, inachoma macho na mapafu, na ikifikia kati ya asilimia 15 na 28 ya hewa ndani ya chumba kilichofungwa, inaweza hata kulipuka.

Kifaa muhimu kwenye gari letu, kuliko hata tangi, ni nozeli za kutengeneza pazia la ukungu wa maji. Amonia inapenda maji sana, ukungu unainasa hewani kabla wingu halijavuka ukuta na kuingia mtaani kwenu. Wakati huohuo ni kosa kubwa kulenga maji kwenye dimbwi la amonia ya kimiminika, kwa sababu maji yana joto kuliko dimbwi na yanalifanya litoe mvuke mwingi zaidi. Watu wetu wamefundishwa hilo. Hawajafundishwa kuingia kwenye nyumba ya vyumba sita yenye moshi mzito kumtafuta mtoto chini ya kitanda. Ndugu Mkazi, gari kutoka getini ni jambo dogo. Swali kubwa ni nani aliye ndani yake.

Na jambo ambalo majirani hawalioni ni kwamba gari hilo, likiwa limesimama pale uani, linawalinda ninyi. Siku likiwa kwenye karakana ya mbao na bomba la amonia likapasuka, mtaa wote utalia.

#11 Mkazi wa Igogo
Fundi Barafu, nimekuelewa, na sikuwahi kulifikiria hivyo. Lakini ukuta wenu tunakaa nao miaka yote, na hakuna aliyewahi kutuita kutueleza tukimbilie upande gani siku hiyo ya amonia.

#12 Kijana wa Mgodini
Kwetu mgodini, mkoa wa Geita, hali ni tofauti kidogo na ninyi wa mjini. Kikosi chetu cha dharura ni wafanyakazi wa idara mbalimbali, fundi umeme, dereva, mpimaji, wanaofanya mazoezi kila wiki na kuacha kazi zao kengele ikilia. Gari letu lina povu, poda kavu, vifaa vya kukatia vyuma na kamba za kuokolea watu kwenye kina kirefu. Moto tunaouogopa ni wa tairi za malori makubwa ya kubebea mawe. Tairi ikipata joto, hata kutokana na breki au radi, mpira wa ndani unaanza kuoza kwa joto na kutoa gesi, na inaweza kulipuka saa nyingi baadaye wakati hakuna hata moshi. Taratibu za migodini husema watu wakae umbali wa mita 300 na wasisogee kwa saa 24. Mtu wa mtaani angeona kikosi kimesimama mbali na kudhani ni woga.

Sasa kuhusu kutoka getini, sisi tunatoka. Ajali za mabasi kwenye barabara kuu tumekwenda mara nyingi, kwa sababu tuna vifaa vya kukata vyuma na tuko karibu. Lakini utaratibu wake ni kwamba ofisi ya serikali ya wilaya inampigia meneja wa zamu, meneja anatoa idhini, na mgodi unabaki na gari la pili. Wenye gari moja wafanyeje? Hapo sina jibu.

#13 Mdau wa Bukoba
Hapo umegusa penyewe. Ujerumani viwanda vikubwa vya kemikali vinalazimishwa na serikali kuwa na vikosi vyao, na tangu mwaka 1982 vina mpango wa pamoja uitwao TUIS, ambapo lori la kemikali likipinduka barabarani, kikosi cha kiwanda kinachoijua kemikali hiyo kinatoa ushauri kwa simu, kinatuma mtaalamu, au kinatoka na magari yake kabisa kwenda kusaidia kikosi cha umma, hata kama kemikali si ya kampuni yake. Viwanda vya kandokando ya mfereji wa meli wa Houston, Marekani, navyo vina ushirika wa kusaidiana uitwao CIMA.

Na kama mnapenda magari, kikosi cha BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, pale Ludwigshafen kilitengeneza lori lenye injini mbili za ndege ya kivita aina ya Alpha Jet mgongoni, zinazopuliza ukungu mzito wa maji kwa nguvu ya ajabu kuzima moto na kusukuma mawingu ya gesi. Wahungari nao mwaka 1991 walikwenda Kuwait kuzima visima vya mafuta na kifaru cha T-34 kilichofungwa injini mbili za ndege ya kivita ya MiG-21.

#14 Binti Ukerewe
Mtani wangu wa Bukoba, mada ya Igogo umeifikisha Kuwait kwa kifaru! Turudishe nyumbani tafadhali, na TUIS yako nitaifuatilia maana imenivutia.

#15 Mwalimu wa Bwiru
Naomba niongeze upande mwingine wa mifano ya ndugu wa Bukoba, kwa sababu ni upande wenye maumivu. Tarehe 17 Oktoba 2016 kikosi hichohicho cha BASF kiliitwa kwenye moto wa bomba katika bandari ya kiwanda, mlipuko ukatokea, na wazimamoto wa kiwanda wakawa miongoni mwa waliofariki. Huko Texas City, tarehe 16 Aprili 1947, meli iliyobeba mbolea ya amonia naitreti ililipuka bandarini na karibu kikosi kizima cha zimamoto cha mji kikaangamia, kwa sababu walisimama karibu na shehena ambayo hawakuijua tabia yake. Hao walikuwa watu wenye vifaa na mafunzo. Ninapomsikia mtu anasema kikosi cha kiwanda kina woga, ninawakumbuka wao.

#16 Simba wa Nyakato
Mwalimu, hakuna aliyesema wana woga. Tunasema wana gari.

#17 Wakili wa Pamba Road
Nitagusa sheria kwa kifupi. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, Sura ya 427, ndiyo iliyovitoa vikosi kwenye halmashauri na kuviweka kwenye jeshi moja la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri awalinde watu walio mahali pake pa kazi. Meneja akizisoma sheria hizi mbili, anajiona ana wajibu mkubwa ndani ya uzio, na nje ya uzio anaona kuna mwenye kazi yake.

Kisha kuna mambo madogo yanayofunga mikono. Baadhi ya magari haya yalinunuliwa kwa matumizi ya ndani tu, hayana usajili wa barabarani wala bima ya kugonga mtu. Dereva wake ana leseni ya gari la kawaida. Akimgonga mtoto akivuka barabara hiyo ya hatua ishirini, mfanyakazi huyo ameumia maisha yake yote kwa kutenda wema, na mwajiri hatamtetea kwa sababu hakumtuma. Ndiyo maana ninamtofautisha mlinzi wa getini na mwenye uamuzi. Mlinzi yule hakustahili kulaumiwa hata kidogo, na nimefurahi kwamba mleta mada hakumlaumu.

#18 Rubani wa Ardhini
Mfano wa uwanja wa ndege unaweza kusaidia, kwa sababu huko sheria iko wazi kuliko kiwandani. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linapanga viwanja kwa daraja la 1 hadi la 10 kulingana na ukubwa wa ndege zinazotua. Kwa povu la kiwango B, yaani mojawapo ya viwango vya ubora wa povu, daraja la 6 linadai lita 7,900 za maji, daraja la 7 lita 12,100, na daraja la 9 lita 24,300. Gari la kwanza linatakiwa lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na lengo ni dakika 2. Gari likitoka kwenda mtaani, daraja la uwanja linashuka saa hiyohiyo, na ndege iliyo angani inaweza kuambiwa isitue. Kwa hiyo watu wa Ilemela wanapoliona lile gari kubwa na kusema "mbona haliji", wajue kuna abiria ambao usalama wao unahesabiwa kwa lita.

#19 Nahodha Mstaafu
Ni kweli, ndugu Rubani. Ila tukumbuke ajali ya ndege ya Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ambapo ndege iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja, na waliofika kwanza kuokoa watu walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Lita zilikuwepo kwenye hesabu, na aliyekuwa jirani ndiye aliyeokoa.

#20 Fundi Pampu
Kuna sababu ambayo hakuna aliyeitaja, na mimi naiona ndiyo kubwa kuliko bima. Viungio vya mipira. Vifaa vya zimamoto vilivyorithiwa kutoka kwa Waingereza vinatumia kiungio cha kusukuma kikajifunga, chenye upande wa dume na upande wa jike, cha inchi mbili na nusu. Magari yaliyotengenezwa Ujerumani au Austria mara nyingi yanakuja na kiungio cha Storz, ambacho pande zote mbili zinafanana na zinafungwa kwa kuzungusha. Havishikani. Unaweza kuwa na gari la kiwanda limejaa maji, gari la Jeshi liko tupu pembeni yake, na mpira wa huyu usiingie kwa yule.

#21 Kijana wa Mgodini
Fundi, hilo lina dawa. Vipo viungio vya kubadilishia, upande mmoja Storz na upande mwingine wa Kiingereza, na karakana nzuri inaweza hata kuvichonga. Sisi tunavyo kwenye sanduku la gari. Kama kampuni haina, ni kwa sababu haijawahi kukaa na Jeshi kufanya zoezi la pamoja. Kwa hiyo kwangu viungio ni dalili, ugonjwa wenyewe uko kwingine.

#22 Mama wa Mabatini
Ninawasoma tangu mwanzo na ninaona wote mnazungumza kana kwamba kila nyumba iko kando ya barabara. Sisi tunaokaa juu ya mawe Mabatini, na ndugu zetu wa milimani Igogo, gari likitoka getini au lisipotoka litaishia chini. Kutoka hapo ni ngazi na vichochoro kati ya miamba. Kila mita 10 za kupanda zinakula presha ya bar moja (bar ni kipimo cha presha), na mpira wenyewe unakula nyingine. Moto ukiwaka kwetu tunategemea ndoo, mchanga na vijana. Ningependa kampuni zitoe mpira mwembamba mrefu, pampu ndogo na mafunzo kwa vijana wa mtaa kabla ya kufikiria kutoa gari.

#23 Mkemia wa Butimba
Mimi nina shaka na jambo jingine. Baadhi ya dawa za povu, hasa za zamani, zina kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazioziki. Tatu za jamii hiyo zimeingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza: PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Mwanza kila kinachomwagwa barabarani kinateremka ziwani kwa mvua ya kwanza, na maji yetu ya bomba tunayachota kwenye ziwa hilohilo, Capri Point na Butimba. Ndani ya kiwanda kuna angalau mifereji na bwawa la kukusanyia. Kabla hatujaomba magari ya povu yatoke mitaani, tuulize pipa lililomo lina dawa gani na la mwaka gani. Kwa moto wa mbao maji matupu yanatosha.

#24 Simba wa Nyakato
Basi litoke na maji matupu! Povu libaki kwenye tangi lake, monita ifungwe, lije na lita zake 4,000 na kurudi. Dakika 5 za Fundi zingetosha kuloweka kuta za zile nyumba mbili hadi Jeshi lifike.

#25 Fundi Barafu
Na katika dakika hizo 5, umati wa watu mia tatu unaukanyaga mpira, mwingine anataka kushika nozeli, na hakuna askari hata mmoja wa kuwazuia. Tuliona Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, jinsi umati ulivyolizunguka lori la petroli lililopinduka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wafanyakazi wetu hawana mamlaka ya kumwambia mtu asogee. Nitakubali gari letu litoke siku ambayo polisi au Jeshi watakuwa wamefika na kuomba wenyewe.

#26 Mkazi wa Igogo
Asanteni nyote. Nimeandika pembeni: bima, dawa ya povu, ulinzi wa amonia, mafunzo, usajili, viungio, umati, na ziwa lenyewe. Wiki ijayo tuna mkutano wa mtaa na nimeambiwa afisa usalama wa kile kiwanda amekubali kuja. Naomba kila mmoja aniandikie swali moja tu ambalo angelitanguliza angekuwa mimi.

#27 Fundi Pampu
Muulize viungio vyake ni vya aina gani.

#28 Wakili wa Pamba Road
Muulize ni nani, kwa cheo, anayeweza kutoa idhini saa nane usiku, na namba yake ya simu iko wapi.

#29 Mama Marobota
Muulize kama wako tayari kuifungulia mtaa haidranti moja nje ya ukuta, gari libaki ndani. Kuna kiwanda nilichofanyia kazi kilifanya hivyo na majirani walikuwa na ufunguo.

#30 Simba wa Nyakato
Haidranti nje ya ukuta? Maji yataibwa kuoshea bodaboda ndani ya wiki moja. Muulize kuhusu bima.

#31 Mama Marobota
Ufunguo ulikaa kwa balozi wa nyumba kumi, Simba, na bodaboda zilioshwa ziwani kama kawaida.